Mshono wa Arobaini na Moja

Bahari ya Baltiki, 16 Januari 1944

Baba mpendwa,

Kaa chini kwanza, na Mama aache sufuria aje asikilize. Nimehamishwa. Fundi mmoja wa mota alivunjika mkono, wakanitoa chuoni wakanitupa kwenye nyambizi yake bila hata kunipa nafasi ya kufua soksi. Ndani ni vile vile ulivyokuwa unanisimulia: bomba refu la chuma, watu arobaini na sita, vyoo viwili, na kimoja kimejazwa viazi. Soseji zinaning'inia kila mahali. Ukigeuka vibaya zinakupiga kofi. Kwenye mnara wamechora bata aliyevaa buti, kwa hiyo sote tunaiita Bata.

Sasa sikiliza. Nimepewa kitanda cha juu, upande wa kushoto. Nikajilaza kujipima, pua yangu ikawa shubiri moja kutoka ukutani, na mbele ya macho yangu kuna mshono wa kuchomelea, umepakwa rangi nyeupe, na pembeni yake namba imegongwa kwenye chuma. Arobaini na moja! Namba yako ya kiwandani, ile ile iliyo kwenye koleo letu la makaa. Ile ile uliyonigongea kwenye kijiko nilipokuwa mdogo ili watoto wa ghorofa ya chini wasiniibie. Nilipiga kelele mpaka mpishi akadhani nimeungua.

Basi nimekuwa mtu mkubwa humu. Focko Saathoff, anayelala kitanda cha chini yangu, anasema, "We Bruhns, kumbe mzee wako ndiye anayetuzuia tusilowe! Mwambie asante, na mwambie wewe unakoroma." Mhandisi mkuu alikuja mwenyewe akapapasa ule mshono. Akasema, "Kama ni wa 41, siku tukibanwa nitaishusha Bata mpaka kaa watushangae." Anasema kiwandani kwenu wale wa mashine ya eksirei hawapigi picha mishono ya 41, wanapita tu. Ni kweli? Mbona hukuwahi kutuambia?

Nalala chini ya mkono wako, Baba. Sijawahi kulala vizuri hivi tangu nitoke nyumbani.

Mwanao,
Hauke


Kiel, 30 Januari 1944

Hauke,

Barua imefika. Hii nampa jirani anayekuja huko kufunga pampu, na wewe ukijibu usitumie posta, wanafungua barua, subiri mtu wa kumpa mkononi.

Nina maswali machache, unijibu kwa usahihi na si kwa mizaha. Huo mshono unazunguka bomba zima kama mkanda, au unakwenda kwa urefu? Kutoka ukuta wa jikoni, ni ubavu wa ngapi? Bata ilishushwa majini mwezi gani? Waulize waliokuwepo. Ukiupitisha kiganja, uko sawasawa au umevimba katikati?

Usijivune mbele ya wenzako kwa ajili yangu. Mimi ni mchomeleaji kama wengine.

Baba yako,
Harm Bruhns

Mwanangu, hapa chini ni mimi. Huyu mzee sijui amepatwa na nini. Tangu barua yako ije nilidhani atatembea mtaa mzima akiisoma kwa sauti, kumbe ameiweka chini ya mkebe wa kahawa ya chicory na hataki niiguse. Anazunguka jikoni kama anatafuta miwani iliyo usoni. Nimekufungia soksi jozi mbili na dagaa wa moshi, uwale upesi, usiwagawe wote kwa huyo Focko. Mama yako, Wiebke.


Bergen, 27 Machi 1944

Baba,

Barua hii anakuletea Focko mwenyewe. Ana likizo ya siku kumi na atapita Kiel akienda kwao. Mlishe, ila mficheni siagi.

Maswali yako. Mshono unazunguka kama mkanda. Ubavu wa tatu kutoka ukuta wa jikoni. Bata ilishushwa Jumamosi ya mwisho ya Februari mwaka jana. Fundi wa injini alikuwepo, anakumbuka bendi na baridi iliyogandisha matarumbeta. Na ndiyo, umevimba kidogo katikati, lakini ni laini kama mgongo wa paka. Wewe unataka kuja kuupaka rangi upya, au vipi?

Sasa umeshajua kuwa tumerudi salama kutoka safari ya kwanza. Wiki sita. Tulikaa siku thelathini bila kuona kitu, tukinuka kama zizi. Siku ya thelathini na moja tulipiga meli moja ya mizigo. Wenzangu walishangilia. Mimi nilikuwa kwenye mota, na kule nyuma unasikia kila kitu kwenye maji. Nilisikia kuta zake zikivunjika mmoja baada ya mwingine zikishuka. Nikawaza, kuna mtu alizichomelea zile, na labda ana kijana humo ndani. Sikushangilia. Usimwambie Mama hilo.

Halafu manowari zilizoilinda zikatujia na mabomu yao. Tulishuka mita mia na themanini. Bata ililia mwili mzima, vioo vya taa vikapasuka. Nilikuwa zamu ya kupumzika, nimelala kitandani, na nikaweka kiganja juu ya namba yako. Focko akaniuliza kutoka chini, "Mzee anasemaje huko?" Nikamwambia, "Anasema tulale."

Chuma kilikuwa kikavu, Baba. Kikavu kabisa.

Wako,
Hauke


Kiel, 9 Aprili 1944
(Barua hii haikutumwa)

Mwanangu,

Focko amekaa jikoni anakula viazi vya mama yako, na mimi nimeingia chumbani nikidai natafuta tumbaku. Nina dakika kumi za kuandika jambo ambalo nilipaswa kulisema mwaka jana kwa watu ambao hata sikuwajua.

Februari ile vipande viwili vya bomba vilikuja havilingani. Palipotakiwa pengo la kupitisha ukucha, palikuwa na pengo la vidole viwili. Kazi halali ni kurudisha bamba likakatwe upya, siku mbili. Nyapara Stuhr alisema wageni wameshaalikwa, Jumamosi inashushwa, mshono ushike mpaka ndani au usishike. Nilikuwa nimesimama saa kumi na nne na vidole vyangu sivisikii. Nikachukua vijiti saba vya kuchomelea, vizima, nikavilaza ndani ya pengo kama kuni, nikapitisha moto juu yake mara tatu. Juu ni mshono mzuri kuliko yote niliyowahi kuchomelea. Ndani ni kapu. Ndiyo maana umevimba.

Halafu nikagonga namba yangu. Wale wa eksirei walikuja na mashine yao. Kijana akasoma 41, akagusa kofia yake, akapita. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kumwita. Nikakohoa tu.

Nilijua ni nyambizi ya watoto wa watu. Sikujua itakuwa ya mtoto wangu. Hiyo ndiyo aibu yangu, Hauke, kwamba nilianza kukosa usingizi Januari, ilipokuja barua yako, na si Februari ile.

Juzi nilimwendea Stuhr. Alifunga mlango. "Bruhns, una wazimu? Ukisema leo hili si kosa la kazi tena, ni hujuma. Wewe watakukata kichwa, mimi nitafuata, na kijana wako watamuuliza alijua tangu lini." Nikasema basi niandikie mhandisi wa Bata kimyakimya, waitazame huko Bergen. Akasema, "Na barua ikikamatwa langoni kwenye mfuko wa huyo mbebaji?"

Nauona mfuko wa Focko kutoka hapa. Koti lake liko kwenye msumari. Anamchekesha mama yako.

Toka kwenye kitanda hicho, mwanangu. Nisamehe.

Baba yako


Kiel, 9 Aprili 1944

Hauke,

Focko amefika, ni kijana mzuri, siagi imekwisha.

Jambo moja tu. Mama yako ameota ndoto mara mbili, maji yanaingia juu ya mto wako wa kulalia. Unajua akina mama. Hali chakula vizuri tangu hapo. Nakuomba uhame kitanda hicho, utafute pengine pa kulala, popote, nyuma huko kwenye mota zako kama kuna nafasi. Usimtajie katika barua kuwa nimekuambia, itamwongezea wasiwasi. Fanya tu.

Baba yako,
Harm Bruhns


Bergen, 2 Juni 1944

Baba,

Nimecheka mpaka soseji zimetikisika. Mama? Ameota ndoto? Mama aliyemfukuza Bi Petersen jikoni kwa kusoma majani ya chai? Mama anayesema ndoto ni kabichi ya jioni? Mzee, unazeeka, au ni wewe ndiye uliyeota na unaona haya kusema.

Sihami. Kwanza, vitanda hivi tunagombania kama kuku. Pili, kile ni kitanda cha bahati sasa. Kila mtu akipita anagusa namba yako, hata kapteni, anadhani hatumwoni. Rangi imechujuka pale. Nikihama watasema mtoto wa fundi anaogopa kazi ya baba yake. Unataka hivyo?

Safari ya pili haikuwa na lolote ila ndege. Wanatukimbiza mchana kutwa, hatuwezi kutoa hata pua. Kwa hiyo sasa wametufungia bomba la kupumulia, linyanyuke juu ya maji tukiwa tumejificha chini, injini zivute hewa. Kazi nzuri, ila wimbi likiliziba, injini zinavuta hewa yetu badala ya ile ya nje, na masikio yanataka kutoka kichwani. Mhandisi anasema Bata ilizaliwa kwa vita vya mwaka arobaini na moja, na sasa tuko arobaini na nne. Wanaitengeneza kama bibi harusi aliyechelewa.

Msalimie mwota ndoto.

Hauke


Kiel, 18 Juni 1944

Hauke,

Sikukulea kwa kukuomba. Nilikuambia fanya, ukafanya. Sasa nakuomba. Sijali watasema nini. Sema una mgongo, sema unakabwa na rangi, sema baba yako ni mwehu. Usilale chini ya mshono ule. Sitakuomba tena kitu kingine maishani mwangu.

Harm Bruhns


Bergen, 25 Agosti 1944

Baba mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Hujawahi kuniandikia hivyo, na ilinitia hofu kuliko mabomu. Nilidhani labda Mama ni mgonjwa na mnanificha. Kama ni hivyo niambieni.

Basi umeshinda. Nimehamishia godoro langu chumba cha mota, nyuma kabisa, kati ya swichi na bomba la torpedo la nyuma. Kuna joto, na kunanuka mafuta, lakini mota ni zangu, ninalala nazo kama mchungaji. Wenzangu nimewaambia ukweli, kwamba mama yangu ameota. Walicheka siku mbili, wakachoka.

Kitanda changu amechukua Focko, na anajisikia kama amerithi shamba. Anasema nikuambie sasa wewe ni baba yake, umtumie tumbaku.

Tunatoka wiki ijayo. Mwambie Mama alale. Na wewe ulale.

Mwanao,
Hauke


Kiel, 11 Septemba 1944

Hauke,

Asante. Mama yako si mgonjwa.

Lakini usimwache Focko pale. Nilikuwa sijafikiria hilo, au nililifikiria nikalipita. Ana mama huko Leer, alituonyesha picha yake hapa mezani. Mwambie naye ahame. Asilale mtu pale. Wekeni mikate, wekeni viazi, wekeni chochote. Nikikuona uso kwa uso nitakueleza, na utanifanya utakavyo.

Nyumba ya upande wa pili wa ua imeungua. Yetu imepoteza vioo tu.

Baba yako

(Juu ya bahasha, kwa mkono mwingine: Irudishwe kwa mwandishi. Mpokeaji hajulikani alipo. 14 Desemba 1944.)


Kambi ya wafungwa, Uingereza, 20 Novemba 1945

Mzee Bruhns na Mama Wiebke,

Ni mimi Focko, niliyemaliza siagi yenu. Wametuambia tunaweza kuandika. Mara tatu nimeanza nikachana. Ninajua mmeshapata karatasi ya jeshi, na karatasi ile haisemi lolote, kwa hiyo nasema mimi.

Ilikuwa mwezi wa kumi mwaka jana, kaskazini ya Ireland. Saa nne asubuhi Waingereza walitupata kwa sababu ya lile bomba la kupumulia, moshi wake ulionekana. Tulishuka, wakatushukia. Mimi nilikuwa nimelala kitandani kwa Hauke. Mhandisi alitushusha mita mia mbili na thelathini, hakuna aliyewahi kufika huko na Bata. Nilikuwa uso kwa uso na namba yako, Mzee. Rangi ilipasuka ikaniangukia machoni. Chuma hakikutoa hata jasho. Nilikuwa naongea nacho, sioni haya kusema. Mshono wako ulishika. Nataka ujue hilo kabla ya yote.

Maji yaliingia nyuma, pale ekseli ya propela inapotokea nje. Yaliingia juu ya godoro la Hauke. Yeye na wengine wawili walianza kugongomea kabari za mbao tangu sekunde ile ile, na mhandisi alisema baadaye, tukiwa kwenye meli ya Waingereza, kwamba kama fundi asingekuwa amelala palepale, Bata isingepanda tena. Ilipanda. Ilikaa juu dakika nne, mkia chini, pua angani. Kutoka kitandani pale hadi ngazi ni hatua sita. Mimi nilizipiga. Kutoka chumba cha mota ni mlima, na sakafu ilikuwa imesimama kama ukuta. Tulimsikia anaita namba za betri, kama yuko zamuni. Tulitoka kumi na mmoja.

Mama Wiebke, alituambia alihama kwa sababu ya ndoto yako, kwamba uliona maji juu ya mto wake. Tulimcheka. Nisamehe. Sijui ndoto ni kitu gani, lakini najua nimelala mahali pake, na ninyi mna haki ya kuniuliza kwa nini. Mimi mwenyewe najiuliza kila nikiamka.

Kijana wenu, kama mtakubali,
Focko Saathoff


Kiel, 6 Januari 1946

Focko,

Barua yako ilifika jana. Leo asubuhi niliisoma kwa sauti mezani, kwa sababu Wiebke miwani yake ilivunjika na bado hatujapata nyingine. Ningejua yaliyomo ningeruka mahali. Nilikuwa nimeshaingia katikati ya sentensi.

Usijiulize kitu. Ulilala pale kwa sababu mimi nilimtoa mwanangu, nikakuacha wewe. Ndani ya mshono ule kuna vijiti saba vilivyolazwa na kufunikwa, kwa haraka, kwa uchovu, na kwa woga wa nyapara. Niliujua kuwa mbovu siku ile ile niliyougongea namba. Barua iliyosema hivyo niliiandika ulipokuwa unakula viazi vyetu, koti lako likiwa kwenye msumari, na sikuitia mfukoni mwako. Iko kwenye droo. Ningekupa, mhandisi angejua, Bata ingebaki Bergen miezi, na labda leo mngekuwa arobaini na sita.

Siku hizi Waingereza wametupa kazi ya kukata. Nyambizi zilizobaki kiwandani tunazichana vipande kwa moto, na mimi nikikuta namba yangu nasimama nautazama mshono kwa ndani. Nimekata kumi na minne. Yote mizima, kama mkate. Ule mmoja uko chini huko, na umeshika. Miaka thelathini na moja nimejua kwa nini mshono unashika na kwa nini unaachia, na ule sijui. Nikiwa peke yangu nalia, si kwa sababu ulikuwa mbovu. Kwa sababu ulikuwa mzuri, na mimi nikamwondoa chini yake.

Ukifunguliwa, njoo. Nenda kwanza kwa mama yako, kisha njoo huku. Sistahili kukuita kijana wangu, lakini kitanda kipo, kile cha Hauke, na hakina namba.

Wiebke hakulia nilipomaliza kusoma. Alikunja barua yako vizuri, akaiweka chini ya mkebe, akaanza kumenya tanipu. Kwenye tanipu ya tatu akasema, "Harm, ndoto gani?"

Nikamwambia ngoja kwanza nimjibu Focko. Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi. Tanipu zimeshaiva, sahani mbili zimeshawekwa, na ameketi mbele yangu, mikono juu ya meza, anasubiri nifike mwisho.

Harm Bruhns